Tulivyobatiza Magari Ngarenaro

Gari langu la kwanza lilibatizwa siku ya nne tangu lifike Arusha, Jumamosi saa tano asubuhi, na aliyelibatiza hakuwa mchungaji. Alikuwa dereva mstaafu wa malori ya shirika moja la umma, shirika ambalo wakati huo lilikuwa limeshauzwa. Tulimwita Mwenyekiti, ingawa sikumbuki siku hata moja tuliyompigia kura. Nyumba yake ilikuwa Ngarenaro, yenye uwanja mpana kwa nyuma, na kila Jumamosi wenye magari kama kumi hivi tulikusanyika pale na spana zetu, tukafungua maboneti na kujitengenezea wenyewe. Mafundi hatukuwa. Kulikuwa na karani wa benki, mpima ardhi, wauza vitenge wawili wa kutoka Machame, na wengine wa namna hiyo. Na mimi, mwalimu wa sayansi kimu, mwanamke peke yangu, na kanga nimejifunga juu ya suruali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Zamani gari lilikuwa la serikali, la misheni au la tajiri. Sasa meli zilikuwa zinashusha magari yaliyotumika ya Kijapani, na mwalimu naye akiunganisha chama cha kuwekeza, mkopo na ukaidi, analipata. La kwangu lilikuwa saloon ndogo nyeupe. Redio yake haikushika stesheni yoyote ya kwetu, na kitabu chake kilikuwa cha Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nilikipenda hivyo hivyo. Jioni nilikuwa nikikifunua kitandani naangalia michoro, na mume wangu, ambaye gari analijua kwa kulikalia tu, alikuwa akiniuliza kama nimefika Mathayo au bado niko Mwanzo.

Basi, ubatizo wenyewe ulikuwa hivi. Mwenyekiti alisimama mbele ya boneti, akavua kofia, akasema, "Hili gari limezaliwa kwenye theluji. Sasa liko Afrika. Lazima lizoee." Akamwaga maji ya kijani yaliyokuwa kwenye rejeta, tukayaona yakitiririka hadi kwenye migomba ya jirani. Kisha akafuata mpira wa juu wa rejeta mpaka pale unapoingia kwenye injini, akafungua nati mbili, akanyanyua kifuniko na kuchomoa kidude cha shaba chenye springi, kama kifuniko cha chupa pana hivi. Akakiinua juu watu wote wakione. Watu wakapiga makofi. Akakitupa kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililoning'inia ukutani, kikalia ngwi! juu ya wenzake. Halafu akajaza maji ya bomba, akafunga, na sote tukanywa soda.

"Mwenyekiti," nikamuuliza, "kile kinafanya kazi gani?"

"Kinazuia maji yasizunguke."

"Sasa kwa nini Wajapani waweke kitu cha kuzuia maji?"

"Kwa sababu kwao kuna barafu, Mwalimu. Hebu kunywa soda."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lile lilinikaa kama uzi wa nyama kati ya meno. Mimi ni mdadisi tangu utoto, na mdadisi ana adabu mpaka pale anapoambiwa anywe soda.

Uwanja ule ulikuwa na sheria zake. Vitu unavyofungua unavipanga juu ya gunia kwa mfuatano, kushoto kwenda kulia, na asiyepanga anafukuzwa. Gari la mwenzako huligusi bila yeye kuwepo. Na sheria kubwa kuliko zote: aliyefungua ndiye afunge. Ukifungua kitu kwenye gari la mtu, ni wewe na si mwingine utakayekirudisha, hata ikikuchukua mwezi. Mwenyekiti alisema sheria hiyo ndiyo iliyomweka hai barabarani miaka thelathini, maana lori likifunguliwa na mmoja na kufungwa na mwingine lina makosa ya watu wawili.

Na kulikuwa na fahari yetu, nayo ilikuwa mshale wa joto la injini pale kwenye dashibodi. Kila aliyeingia uwanjani alitangaza mshale wake ulipolala. "Nimetoka Moshono mpaka hapa, haujanyanyuka hata kidogo!" Mwenye mshale uliolala chini kabisa ndiye mwenye gari zima. Wangu ulilala fofofo. Nilijivuna jamani, utadhani nimezaa pacha.

Sasa nieleze habari ya baba yangu, maana bila yeye kidude kile kingebaki kwenye kopo mpaka leo.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Meru, juu ya Usa River, na mzee wa kanisa. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, baba yangu mdogo. Kihamba chao, shamba la ukoo, waligawiwa na babu nusu kwa nusu, kila mmoja na miche ya kahawa iliyopandwa na babu kwa mkono wake. Kahawa ilipoanza kuyumba, wanunuzi wa kila aina wakaja na magari yao, bei ya dawa ya miti ikawa haishikiki, baba akashikilia ushirika wake na kahawa yake. Baba mdogo akachukua jembe na shoka, akang'oa nusu yake yote kwa wiki moja, akauza kiwanja, akahamia Ngarenanyuki upande wa pili wa mlima kulima nyanya. Baba alimfuata hadi kwenye lori la kuhama akamwambia mbele ya watu, "Umemfukua baba kaburini. Na utarudi kwangu unatambaa."

Hakurudi. Nyanya zilimkubali. Kwa miaka saba watu wale wawili hawakusalimiana. Baba alimwita "yule wa Ngarenanyuki", na tulisikia kwamba huko ng'ambo ya mlima baba anaitwa "mzee wa ushirika". Neno kaka wala mdogo wangu halikutajwa. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tunakwenda kumwona baba mdogo kwa kuibia, kama watoto wa shule wanaotoroka kwenda sinema.

Mwaka ule, mwezi wa sita, ikaja habari kwamba baba mdogo amevimba miguu na tumbo, hospitali imemrudisha nyumbani, na kwamba amemtaja baba. Siku mbili baba alishinda kwenye kahawa yake. Siku ya tatu alinitumia salamu mjini: njoo na gari lako.

Shida ilikuwa magoti. Baba alikuwa na baridi yabisi mbaya sana. Akiwa amekaa mekoni karibu na moto nusu saa, anainuka na kutembea na fimbo yake vizuri tu. Baridi ikimpiga, magoti yanajifunga kama bawaba zenye kutu, na hapo hapana kunyoosha wala kukunja. Na mwezi wa sita kwetu ni mwezi wa sita. Ukungu unashuka mlimani asubuhi na jua wiki nzima hulioni.

Tukaondoka na mablanketi mawili, koti kubwa na chupa ya chai. Tulipoingia msituni baada ya Ngurdoto, baridi ikaanza kupenya kutoka sakafuni. Nikazungusha swichi ya hita mpaka kwenye alama nyekundu. Ukatoka upepo wa kisimani. Nikasema moyoni, hita za mitumba ni mapambo. Karibu na Momella baba akaomba nisimame ashuke kidogo. Nikamfungulia mlango. Akatoa mguu mmoja, na ukaishia hapo. Alijaribu mara tatu.

"Baba, si mbali sasa. Tukifika, vijana wake watakubeba mpaka ndani."

"Wanibebe?"

"Kwa kiti tu, baba."

"Mimi niliyemwambia atarudi anatambaa, niingie kwake nimebebwa kama gunia la nyanya zake?" Akavuta pumzi. "Nitaingia kwa miguu yangu au siingii. Geuza gari."

Nilimbembeleza, nikakasirika, nikambembeleza tena. Mzee wangu ukimwona kimya ujue amefunga na komeo. Nikageuza. Njia nzima alitazama dirishani, na tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, si kwangu hasa, "Akifa kabla sijamwona, nitazikwa nalo hili." Nililia nikiendesha, na sikumficha.

Basi nikarudi mjini nyumbani kwangu Levolosi na jambo moja tu kichwani: nahitaji jiko ndani ya gari. Usafiri wa namna nyingine haukuwepo, na baba mdogo hakuwa na miezi ya kungoja jua lirudi. Ama nimpashe baba joto njia nzima, ama wasionane tena.

Nilianza na hita yenyewe, nikijua hakuna mtu Ngarenaro atakayenisaidia, maana hita ilikuwa kichekesho pale uwanjani. Nikalala chini ya dashibodi miguu ikiwa nje, majirani wakidhani nimezimia. Nikafuata mabomba kwa vidole. Yalikuwa mawili, ya mpira, yanatoka kwenye injini, yanapenya ukuta na kuingia ndani. Nikakaa kitako barabarani. Ebo! Kumbe hita haina moto wake! Inaazima maji ya injini. Nikawasha gari, nikazunguka mjini nusu saa, nikarudi na kushika lile bomba. Lilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Hita ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba haikuwa na joto la kuazima. Na injini isipate moto baada ya nusu saa nzima, kwa nini?

Nikaangalia mshale wangu, ule wa kujivunia. Umelala fofofo.

Usiku huo sikufungua Mathayo wala Mwanzo, nilikwenda moja kwa moja kwenye mchoro wa injini. Wajapani Mungu awabariki, walichora maji kwa rangi mbili, bluu na nyekundu. Nyekundu ilizunguka ndani ya injini na kwenda kwenye hita. Bluu ilikaa kwenye rejeta. Na katikati, mahali rangi mbili zinapokutana, palichorwa mlango. Mlango wenye springi.

Siku iliyofuata nilikwenda duka la vipuri nikamwonyesha muuzaji mchoro. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, hicho watu wanakitoa. Sasa mimi nimuuzie nani?"

Nikaenda kwa Mwenyekiti, nikamwamkia, nikamwomba aniazime lile kopo lote kwa ajili ya somo. Sikusema uongo, sikusema tu mwanafunzi ni nani. Akanipa huku akicheka. Vilikuwamo vidude kumi na vinne, na kwa kuwa mwenye kopo hakupanga vitu kwenye gunia siku zile, kipi ni changu sikujua. Niliviosha kwa majivu. Ndipo nikaona kila kimoja kimegongwa namba ndogo. Vingi vilikuwa 82, vichache 88. Nikavigeuza geuza. Saizi? Hapana, vilitofautiana saizi na namba ni ile ile. Mwaka? Na mwaka themanini na nane ungekuja vipi, wakati gari jipya kuliko yote uwanjani lilikuwa la mwaka themanini na tano?

Mwalimu wa mapishi ana dawa moja ya kila kitu asichokijua, anakichemsha. Niliazima kipimajoto cha maabara ya shule, nikawasha jiko la mkaa, nikajaza sufuria ya maziwa maji, nikalaza mwiko juu yake na kuning'iniza kidude kwa uzi kisiguse chini. Nikakaa kwenye kigoda. Hamsini. Sitini. Kidude kimetulia tu. Sabini. Themanini. Nikaanza kujiona mjinga. Themanini na mbili, na kifuniko chake kikainuka, taratibu, bila kuguswa na mtu, kikafumbuka kama jicho la mtu anayeamka. Nilipiga ukelele.

Mume wangu akaja mbio kutoka sebuleni. "Umeungua?"

"Kimefumbuka!"

Akachungulia sufuria muda mrefu. "Na ndiyo chakula cha leo?"

Nilikitoa nikakitia kwenye maji ya baridi, kikafumba. Nikakirudisha, themanini na mbili, kikafumbuka. Kilikuwa kinajua! Kipande cha shaba kisicho na macho wala umeme, kinajua maji yamefika wapi. Nilirudia mpaka mkaa ukaisha nikaongeza mwingine. Jioni ile niligundua na jambo la pili ambalo sikulitafuta, kwamba maji ya Arusha yanachemka kabla hayajafika mia. Kipimajoto kiligoma kwenye tisini na tano, nikadhani kibovu, kumbe ni mwinuko wetu huu. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi mia, nikiwa nimesimama Arusha! Nilicheka peke yangu.

Kati ya vile kumi na vinne, kumi na kimoja vilifumbuka. Vitatu havikufumbuka kabisa, maji yalitokota na vyenyewe vimefumba, vimeliwa na kutu. Hivyo vitatu nikaviweka pembeni.

Sasa ilibaki sheria. Aliyefungua ndiye afunge. Ningeweza kukirudisha mwenyewe, nati mbili tu, nani angejua? Lakini mimi ni wa uwanja ule, na isitoshe mzee yule alinifundisha kushika spana. Kumvua nguo mbele ya watu sikutaka. Nikamwalika chai nyumbani Alhamisi jioni.

Alikuja na kofia mkononi. Nikamwandalia chai ya maziwa na mandazi, na mbele yake jiko, sufuria, mwiko, uzi. Nikapepea mkaa, kipimajoto kikapanda. Kidude kikafumbuka mbele ya macho yake. Akaacha kutafuna.

"Poza."

Nikapoza. Kikafumba.

"Tena."

Tulifanya mara tatu. Kisha nikampa kimoja cha vile vitatu vibovu akining'inize, na maji yakatokota na kidude kimefumba. Hapo Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Akanieleza kwamba kwenye mlima wa Kitonga, zamani sana, lori lake lilichemka mpaka kichwa cha injini kikapasuka, akalala barabarani siku nne na mzigo wa shirika. Fundi aliyekuja alichomoa kidude, akamwonyesha, akasema muuaji ni huyu. Tangu siku ile hakuwahi kukiacha ndani ya gari lolote alilolipenda.

"Kumbe wa kwangu alikuwa mgonjwa," akasema. "Mimi nikanyonga ukoo mzima." Halafu akanitazama kwa hasira ya ghafla. "Kwa nini hukuniuliza vizuri siku ile?"

"Niliuliza, Mwenyekiti. Ukaniambia ninywe soda."

Nikamweleza habari ya baba, magoti na Ngarenanyuki. Sikueleza kwa ujanja, nilieleza tu, na machozi yalinilenga. Akainuka, akachukua kidude kimoja kizima chenye saizi ya gari langu, akakifunga kwenye leso yake. "Jumamosi," akasema.

Jumamosi alifanya mbele ya watu wote, na hakuna aliyemlazimisha. Alifungua nati, akasafisha kitako kwa sandpepa, akakata gasketi mpya kwenye boksi la biskuti kwa mkasi wa mkewe, akakilaza kidude mahali pake. Nikajaza kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta, niliyoitafuta siku mbili. Watu walijipanga kama wako kwenye ekaristi. Mpima ardhi akasema, "Mwenyekiti, unalirudisha gari kwenye theluji?" Mwenyekiti akaendelea kukaza nati.

Tukapanda wawili, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, mkono wake kwenye ufunguo tayari kuzima. Tulizunguka uwanja mpaka barabara ya lami na kurudi. Mshale ukaanza kunyanyuka. Katika maisha ya gari lile Afrika haukuwahi kunyanyuka. Ukapita robo. Wenzetu wakakimbia pembeni ya dirisha. "Zima! Zima, linachemka!" Ukaendelea kupanda. Jasho likanitoka. Mwenyekiti akafumba macho, vidole vimebana ufunguo. Ukafika chini kidogo ya katikati, ukasimama. Tukangoja. Haukupanda tena, haukushuka. Nikanyoosha mkono nikazungusha swichi hadi kwenye alama nyekundu, na upepo wa moto ukatupiga miguuni.

"Mama wee!" Mwenyekiti akapiga yowe, akavuta miguu juu ya kiti.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza nikamchukua baba. Alijiviringisha blanketi zake mbili na uso wake wa kwenda kuadhibiwa. Tulipopita Usa River nikafungua hita. Alikaa kidogo, akainama kutazama miguuni, akanitazama mimi.

"Huu moto unatoka wapi?"

Nikamweleza. Kwamba injini ina moto wake siku zote, na kuna mlango unaoyashika maji ndani mpaka yaive, na ukiutoa maji yanazunguka mabichi.

"Kama kuku anayeatamia," akasema. "Ukimwinua kila dakika hakuna kifaranga."

"Ndivyo."

"Na nyie mliutoa."

"Tuliutoa, baba. Na tulipiga makofi."

Alicheka mpaka akakohoa, akavua viatu, akasogeza miguu yenye soksi kwenye tundu la hita. Msituni ukungu ulikuwa mzito kuliko mara ya kwanza. Pale Momella aliponigeuzisha nilipunguza mwendo bila kukusudia. Akanigonga begani. "Twende. Unangoja nini?" Tulipotoka upande wa pili, penye vumbi na mashamba ya nyanya, blanketi zote mbili zilikuwa kiti cha nyuma.

Kwa baba mdogo nilisimamisha gari nje ya uzio. Baba akavaa viatu mwenyewe, akafungua mlango mwenyewe, akatoa mguu mmoja, na wa pili. Akasimama. Akanizuia kwa mkono nisimshike. Akaanza kutembea na fimbo yake, hatua fupi, na mimi nyuma yake nikihesabu kimya.

Hakuwa amefika nusu ya ua mlango wa nyumba ukafunguliwa. Wakatoka vijana wawili wa baba mdogo wamebeba kiti, na juu ya kiti baba mdogo mwenyewe, amefunikwa shuka, uso umevimba simjui. Mkewe aliniambia baadaye kwamba aliposikia gari alipigana na kila mtu chumbani. Alisema hampokei yule mzee, yeye akiwa amelala.

Wakamweka chini pale uani. Baba akasimama mbele yake.

"Umekuja kwa miguu," akasema baba mdogo.

"Gari la binti lina jiko ndani." Baba akaiegemea fimbo yake. "Niliyosema kwenye lori siku ile, nilikosea kuyasema. Nimekuja kusema hivyo."

Baba mdogo alitazama chini. "Siku ninaing'oa ile kahawa nililia. Mti kwa mti. Hukuja kuniuliza."

"Sikuja."

Baba akaletewa kiti, wakakaa magoti kwa magoti. Tulikula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Walizungumza saa tatu nzima, na mengi yalikuwa mambo ya kawaida: ukungu wa nyanya, ng'ombe, nani amefariki, nani amejenga. Baba alitaka kujua nyanya zinapigwa dawa mara ngapi, akakataa kuamini, akataka aelezwe tena. Sikuwaingilia.

Ilipofika wakati wa kuondoka, ukungu ulikuwa umevuka mlima na kutufikia. Baba akashika fimbo, akajaribu kuinuka. Magoti yakagoma. Akajaribu tena. Ua mzima ukatazama pembeni kwa heshima. Nikamnong'oneza kwamba asubiri, nikawashe gari lipate moto, nilisogeze mpaka mlangoni.

Akanitikisia mkono niache. Akawatazama wale vijana wawili, watoto wa mdogo wake ambao hakuwahi kuwabariki hata siku moja.

"Nibebeni," akasema.

Waliinua kiti na yeye juu yake. Fimbo ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Wakavuka ua wakiyumba kidogo, maana baba hakuwa mwepesi, na baba mdogo akajiinua kwenye kiti chake kwa mikono miwili, akapaza sauti yote iliyokuwa imebaki kifuani mwake.

"Mshikeni vizuri! Huyo ni kaka yangu!"